Manesi wa wodi za watoto, mwanangu ni "yule", si "lile"

Wakuu, habari za usiku. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mwenye haraka apite tu. Ni saa 9 usiku. Niko kwenye sakafu ya wodi ya watoto, nimetandika kanga, na mwanangu yuko kitandani anakoroma kwa kifua ambacho hakuja nacho hapa. Kifua hicho amekipatia humu humu wodini.

Hospitali sitaitaja. Mtoto bado yumo ndani, na mama aliyewahi kulaza anajua mwenye mdomo hutendwa nini.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha Kiswahili darasa la tano. Mwanangu ana miaka 6, hapa tumwite Idi. Ana mtindio wa ubongo. Uchungu ulinishika alfajiri nikajifungua usiku wa manane, mtoto hakulia, wakamsugua, wakampulizia hewa, kesho yake akaanza degedege. Hatembei, hasemi, shingo ndiyo kwanza imeanza kukaza. Kifafa anacho pia. Lakini anasikia! Pikipiki ya baba yake anaitambua ikiwa bado iko kwa mangi kule kona, mimi sijasikia kitu. Ukimtaja babu yake anacheka mpaka anapaliwa. Naomba mkumbuke hilo mnapoendelea kusoma.

Tuliingia Jumatatu kwa kuharisha na kutapika. Nesi wa mapokezi akauliza miaka, nikasema sita, akaanza kuandika dawa kwenye karatasi. Nikamwambia, "Sista, samahani, mpime kwanza, huyu ana kilo 11." Akanitazama kama nimemtukana mama yake. Wenye watoto hawa mnanielewa: dawa ya mtoto huhesabiwa kwa kilo, haihesabiwi kwa keki alizokata. Huyu ana miaka sita lakini uzito ni wa mtoto asiyefika hata miaka miwili, ukimkadiria kwa umri umempa karibu mara mbili ya kipimo chake. Mizani ilikuwa hatua tatu kutoka alipokaa. Alinyanyuka, ndiyo, lakini alinyanyuka akisonya.

Jumanne asubuhi, zamu zinakabidhiana. Nesi anapita kitanda kwa kitanda na daftari. "Cha saba, yule wa malaria, homa imeshuka. Cha nane, lile la mtindio, limeharisha mara nne. Cha tisa, yule aliyeungua."

Lile. Limeharisha.

Ngeli nafundisha kila wiki. LI-YA: jiwe, jembe, jani, jalala. Mtu hukaa A-WA, na ukimtoa huko ukamtupa kwenye LI- umemtukana, hata darasa la tatu wanalijua hilo, ndivyo wanavyotukanana uwanjani. Wa saba ni yule, wa tisa ni yule, wangu katikati ni lile. Na Idi aligeuza macho akamtazama aliyesema. Najua wapo watakaosema mwalimu anasahihisha insha wakati mtoto anaumwa. Vumilieni. Yote yaliyofuata yalitoka kwenye hiyo "li".

Kanula, ile sindano ya dripu, walimtafutia mshipa mara sita. Nilipoomba wapumzike kidogo nikajibiwa, "Haya hayasikii sana maumivu." Nani kawafundisha? Idi akiumia anakakamaa kwanza, mwili unakuwa ubao, sauti inachelewa. Kilio kinapofika wewe uliyemtoboa umeshahamia kitanda kingine, ndiyo maana unadhani hakuumia.

Sasa dawa ya kifafa. Anatumia valproeti ya maji, asubuhi na jioni, na chupa niliingia nayo. Nikaambiwa nisimpe dawa za nje mpaka daktari aandike. Sawa, utaratibu naukubali, mtoto asije akapewa mara mbili. Daktari akaandika Jumanne. Famasi yao haikuwa nayo, na hakuna aliyeniambia! Kila nikiuliza, "dawa zake zinaandaliwa, mama". Chupa imo kwenye mkoba wangu, mtoto anakosa dozi. Siku ya kwanza kabisa kliniki niliambiwa dawa hizi hazikatwi ghafla, ukikata degedege linarudi kwa nguvu. Mimi nisiyesomea nimekumbuka miaka yote hiyo, waliosomea wamesahau siku mbili tu.

Jumatano saa 5 usiku likaja. Nesi wa zamu anapiga kelele, "Kijiko! Leteni kijiko!" Kijiko cha nini, dada yangu? Mtoto analazwa ubavu, kinywani hakitiwi kitu, unatazama saa. Dakika 5 zikipita hiyo ni dharura, anahitaji diazepamu, dawa ya kulikata. Mimi ndiye niliyekuwa natazama saa. Zilifika dakika 7 ndipo dawa ikapatikana. Lilipotulia akaniambia, kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulioniuma, "Mama, watoto wa hivi ndivyo walivyo, uzoee tu." Wapi! Mwanangu alikuwa na miezi minne bila degedege hata moja. Hivyo ndivyo alivyo akinyimwa dawa.

Alhamisi ndiyo siku yenyewe.

Saa 2 asubuhi kila siku, "Wazazi wote nje!" Usafi, kisha raundi, mnarudi saa 4. Kabla ya kutoka nikamwambia sista wa zamu, "Huyu hajala, naomba asilishwe, nitamlisha mwenyewe nikirudi, ana namna yake." Akasema sawa bila kuinua kichwa. Niliporudi nikamkuta mwanafunzi wa fildi, binti wa kama miaka ishirini, amemlaza Idi chali, kikombe cha uji mwepesi mkononi, anamimina. Mtoto macho yametoka, midomo imebadilika rangi. Nilimpokonya kikombe, uji ukamwagikia gauni lake jeupe, na kwa hilo nilimwomba radhi. Yule binti simlaumu. Aliambiwa, "Kalishe lile la nane." Kumwambia namna ya kumlisha hakuna aliyejisumbua.

Kwa faida ya manesi mnaosoma, mwanangu anakula hivi. Anakaa, nyonga zimekunjwa, mgongo umeegemea kifua changu au mto mgumu, kidevu kimeinama kidogo, kisielekee juu kama kifaranga. Uji uwe mzito kidogo, kwa sababu chakula chepesi kama maji kinakimbia kuliko anavyoweza kumeza. Kijiko kidogo, kinaingia katikati ya ulimi, unasubiri ameze, unahakikisha amemeza, ndipo cha pili. Akikohoa unaacha. Akimaliza anabaki amekaa nusu saa. Mlo mmoja dakika 40. Mtoto mwenye mtindio ukimlisha chali, chakula kinashuka njia ya hewa, na wengi wa watoto hawa huondoka kwa nimonia, kifo kinachoandikwa kama kimetoka mbinguni.

Jioni ile ile akaanza kuhema haraka. Ijumaa picha ya kifua: nimonia, upande wa kulia. Nimechungulia faili wakati wa raundi. Imeandikwa mtoto aliingia akiwa na kifua. Nimesoma mwenyewe, kwa macho yangu! Jumatatu walimsikiliza mapafu mbele yangu, daktari akasema safi.

Na si Idi peke yake. Kitanda cha kumi na moja yuko mvulana mwenye usonji, amekuja na jipu. Taa hizi za mirija zinazopepesa, jenereta, harufu ya spiriti, watu watatu wanamshika kwa pamoja, anapiga yowe mpaka sauti inakauka. Mama yake aliomba kitu kimoja: mumwonyeshe pamba kwanza, aishike, kisha mumguse, na kanula mumfunike na soksi asiione. Jibu: "Huyu hakulelewa." Wamemfunga mikono yote miwili kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda. Amejikojolea hapo hapo. Mama anakaa nje ya mlango kwa sababu akiingia mtoto anamlilia na wodi inapata kelele.

Haya, najua mtakachosema. Manesi ni wachache. Kweli, usiku huu wako wawili, mimi nimehesabu watoto 41, vitanda vingine vina wawili wawili. Mishahara naijua, na mimi nakula mezani pa serikali. Lakini niambieni, "yule" inachosha kuliko "lile"? Kuuliza "mama, huyu analaje?" kunachukua dakika ngapi?

Maana aliyeuliza yupo. Jana usiku kaingia zamu nesi mwanamume, mtu mzima, mvi zimemjaa. Nikamwamkia, akaitikia, akachuchumaa mpaka uso wake ukalingana na wa Idi, akamwambia, "Bwana mkubwa, naitwa babu, nataka kukugeuza." Kisha akaniuliza mimi, "Analalia upande gani vizuri? Wapi panamuuma?" Siku ya tano hiyo, na ndiyo mara ya kwanza kuulizwa. Nikamwonyesha nyonga ya kushoto. Akakunja shuka akaweka katikati ya magoti, akamwinua kichwani ili aheme vizuri, akarudi baada ya saa mbili kumgeuza tena, bila kuitwa. Naye alikuwa na watoto hao hao 41.

Mambo ya sheria niyaguse kidogo tu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa ulemavu wake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu hawa. Na msamaha wa matibabu kwa walio chini ya miaka 5 Idi alishaupita kwa umri, hivyo hizi siku za ziada za nimonia waliyompa wao nazilipia mimi. Risiti nimezitunza zote.

Leo mchana niliandika karatasi nikaibandika juu ya kitanda: "Naitwa Idi. Nina miaka 6, kilo 11. Nasikia. Nakula nikiwa nimekaa, mama atakuonyesha. Dawa ya kifafa saa 1 asubuhi na saa 1 jioni. Nyonga ya kushoto inauma." Jioni nikaikuta kwenye ndoo ya taka. Eti inachafua ukuta. Ukuta wenyewe una madoa ya damu ya mbu tangu enzi za Mwinyi.

Muuguzi yeyote humu aliyesoma mpaka hapa, naomba unijibu bila kunizunguka: chuoni mnafundishwa kumlisha na kumgeuza mtoto wa hivi kwa vitendo, au mnapita tu kwenye kurasa? Na kama mnafundishwa, ni nani anayewafundisha kusema "lile" mkifika kazini?

NYONGEZA, saa 2 na nusu asubuhi: Asanteni kwa majibu, yale ya "mwachie Mungu" nimeyaruka. Kwa mnaonishauri nipeleke malalamiko Baraza la Uuguzi na Ukunga, nitaandika, ila kwanza nataka yale maneno ya "aliingia akiwa na kifua" kwenye faili yarekebishwe. Kwa ndugu aliyeuliza kwa nini sikumpa dawa kwa kificho kutoka kwenye mkoba: nimejiuliza swali hilo tangu Jumatano, usinisaidie kuliuliza. Homa imeshuka kidogo. Karatasi nimeandika nyingine, nimeibana kwa pini kwenye mto. Tumeshatolewa nje kwa ajili ya usafi, na muuguzi mkuu ametuma mtu kuniita ofisini kwake. Nakwenda na risiti zangu.