Kadi ya sauti ya 24/192: kwaya ilipe au tunapigwa?

Mwana Ujiji: Wakuu, kwaya yetu hapa Kigoma inataka kurekodi. Studio moja ya Mwanga inadai nyongeza, eti kompyuta yao ina kadi ya sauti (kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta) ya biti 24, kilohezi 192. CD ya kawaida ni 16 kwa 44.1. Kuna tofauti kweli?

Fundi Redio: Mnapigwa. Sikio linaishia kilohezi 20, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde. Hiyo 44.1 ni kadi kupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na inabeba mpaka nusu yake, 22. Hiyo 192 inawarekodia popo. Tena ukivuka miaka 50 hata 15 ni kwa bahati, kwa hiyo wazee wa kwaya wasijisumbue.

Mzee wa Besi: Kijana, nina miaka 61 na gitaa natuni kwa sikio. Nani hasikii?

Fundi Redio: Shikamoo mzee. Nyuzi za besi zikiwa wazi hazifiki hata hezi 100. Mimi nasema ule mluzi mwembamba wa juu.

Mzee wa Besi: Marahaba, ila hujajibu. Sisi tulirekodi kwa kanda na nyimbo zinapigwa hadi leo. Zenu hazifiki Krismasi.

Kinanda Katubuka: Jamani, biti na kilohezi ni vitu viwili. 192 achaneni nayo. Biti 24 ina kazi yake: unarekodi kwa sauti ya chini kidogo, soprano akipaza ghafla sauti haipasuki, na ukiipandisha baadaye haiji na kelele ya chinichini. Biti 16 inakupa kama desibeli 96 tu kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa.

Dada Alto: Kanda zenyewe zilikuwa *shhhh* mwanzo mwisho.

Mzee wa Besi: Wewe ulikuwa umezaliwa?

Dada Alto: Shikamoo babu. Nimewahi kuimba kwenye studio moja hapa mjini. Feni inazunguka juu ya maiki, laptopu ikichomekwa chaja spika zinaunguruma. Fundi akachomoa chaja, tukaimba mbio betri isiishe.

Fundi Redio: Hapo ni ethi, ule waya wa umeme wa kwenda ardhini, wala si kadi! Sasa lipieni 192 mrekodi muungurumo kwa usafi.

Mwana Ujiji: Na wimbo wenyewe utaishia MP3 kwenye flashi za bodaboda. Kwa hiyo tulipe au tusilipe?

Mzee wa Besi: Subiri kwanza. Fundi, Jumamosi njoo Mwanga sokoni na mashine yako ya mluzi. Nikisikia hiyo 15, kurekodi unalipia wewe.

Fundi Redio: Mzee, sikia hata 12 nitalipa.

Kinanda Katubuka: Ya biti ngapi?