Dragonera: ni halali kumwaga sumu kwa helikopta kuua panya ili ndege wapone?

Mpishi Palma
Wakuu, salaam. Niko Mallorca, kisiwa cha Hispania, mwaka wa sita sasa, kazi yangu jikoni. Jumapili nilipata mapumziko nikavuka na wenzangu kwenda Dragonera, kisiwa kidogo mbele ya Sant Elm, safari fupi tu ya boti. Kina urefu wa kama kilomita nne. Upande mmoja ni mteremko wa vichaka, upande wa pili jabali limekatika wima mpaka majini. Ni hifadhi tangu 1995: hakuna hoteli, na chakula unakwenda nacho.

Nimekaa juu ya jiwe namenya chungwa, mijusi wakanijia kama kuku waliosikia mtama. Mmoja juu ya kiatu, mwingine kashapanda goti, ananiangalia mdomoni. Kuwalisha hairuhusiwi, nikalirudisha chungwa mfukoni na njaa yangu.

Sasa jambo lenyewe. Mwaka 2011 helikopta ilizunguka kisiwa kizima ikimwaga chambo cha sumu, lengo asibaki panya hata mmoja. Panya walikuwa wanamaliza mayai na makinda ya ndege wa baharini wanaotaga mashimoni, yai moja tu kwa mwaka. Je, ni sawa? Tena ndani ya hifadhi? Naomba hoja, si matusi. (Mnaokaa bara mtachelewa kidogo kulielewa hili la kisiwa, lakini karibuni.)

Jembe la Mbozi
"Mnaokaa bara" ndiyo nini? Njoo Mbozi mwezi wa saba nikuoneshe ghala. Unainua gunia la mahindi, chini limetobolewa, unabaki umeshika mfuko mtupu na punje zinamwagika miguuni. Panya nimeanza kupigana naye kabla wewe hujajua kukaanga yai.

Bint Makunduchi
Kaka Jembe, tulia. Hapa kwetu kisiwani Chumbe, karibu na Unguja, nako panya waliondolewa, 1997, na sikusikia aliyelia. Sumu za aina hiyo zinazuia damu isigande. Panya anakula leo, anakufa siku kadhaa baadaye, kwa hiyo wenzake hawajui kilichomuua ni kile chakula. Ingekuwa inaua papo hapo, wa pili asingegusa.

Kiroboto
Yaani unasimulia kama unatoa mapishi ya pilau. Mnyama avuje damu ndani kwa ndani siku nne, halafu jioni mkae kitako mseme mnapenda viumbe. Panya alifikaje pale? Kwa vyombo vya watu. Hakukata tiketi. Na hao mijusi waliishi na hao panya karne ngapi? Mbona wapo?

Bint Makunduchi
Pilau sijataja. Nimeeleza inavyofanya kazi. Ukitaka kugombana na mimi, gombana na nilichoandika.

Mpishi Palma
Kiroboto, huku kisiwa kikubwa mijusi wa aina ile hakuna hata mmoja. Waliisha zamani sana, watu walipoleta nyoka na vicheche. Wamebaki kwenye visiwa vya pembeni tu.

Kiroboto
Nyoka na vicheche. Mimi nimeuliza panya.

Jembe la Mbozi
Bado sijajibiwa la bara.

Mpishi Palma
Kaka Jembe, nisamehe, ulikuwa utani. Ila hamjui kisiwa hiki kilivyopona. Miaka ya sabini kilikuwa kijengwe majumba ya kifahari. Vijana wakakivamia 1977 wakapiga kambi, kelele zikawa nyingi, baadaye serikali ya Mallorca ikakinunua. Leo kule jabalini kuna mwewe wanaitwa wa Eleonora, wengi, wanapita sawasawa na uso wako. Wao pia si wa kulindwa?

Kiroboto
Majumba yangejengwa panya wangeshiba. Natoa taarifa tu.

Mwalimu Mstaafu
Nimesoma yote nikanyamaza, lakini hapa siwezi. Bwana Mpishi, huyo si mwewe. Mwewe ni yule anayezunguka juu ya jalala na kunyakua vifaranga. Mwenye mabawa membamba yaliyochongoka, anayewinda ndege wenzake hewani, ni kozi. Wahenga walisema kozi mandanda, kulala na njaa kupenda. Hawakusema mwewe mandanda.

Shabani Likoni
Mwalimu shikamoo. Sisi huku twamwita kipanga.

Jembe la Mbozi
Kipanga ni mtoto anayeongoza darasani.

Shabani Likoni
Hilo ni lenu la juzi. Babu yangu alikuwa mvuvi, akimwona ndege huyo huyo akisema kipanga.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba mwanangu. Babu yako alimwona ndege mwingine. Kipanga ni mdogo zaidi.

Shabani Likoni
Mwalimu, kwa heshima zote, wewe babu yangu ulimjua?

Bint Makunduchi
Jamani! Jina lolote. Huyo wa Eleonora kapewa jina la mtawala mwanamke wa kisiwa cha Sardinia, Italia, karne ya 14, anayesifiwa kwa sheria ya kulinda viota vyao. Wanazaa mwishoni mwa kiangazi, Agosti na Septemba, ndege wengine wakishamaliza. Wanasubiri ndege wadogo wanaotoka Ulaya kuja Afrika, wanawadaka juu ya bahari na kulisha makinda. Halafu wenyewe wanahamia Madagaska, huko wanakula wadudu.

Kiroboto
Ngoja. Kwa hiyo panya kala yai la ndege, auawe. Kozi kala ndege mzima aliyekuwa anakuja kwetu, apewe hifadhi?

Mwalimu Mstaafu
Umesema kozi. Asante.

Shabani Likoni
Kipanga huyo hupita pwani yetu akienda Madagaska. Basi ni wetu, kule yuazaa tu.

Bint Makunduchi
Hayo ni ya vitabu vya zamani, kwamba wanafuata Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki. Walipofungwa vifaa vya setilaiti ikaonekana wanakata bara moja kwa moja: Sahara, misitu ya Kongo, mpaka Msumbiji, ndipo wanavuka maji.

Jembe la Mbozi
Bara! Mmesikia? Wanapita bara. Mpishi uko wapi?

Mpishi Palma
Niko zamu, vitunguu vinaungua. Nimekubali, bara oyee.

Jembe la Mbozi
Basi na mimi nichangie mada. Kunguru nao waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, eti wale takataka. Wakajaa mpaka Dar, tukaishia kuwawekea sumu. Mtu analeta, mtu anaua, na kila mara aliyeleta keshaondoka.

Bint Makunduchi
Kunguru usimtetee, kaka. Juzi kaondoka na kipande cha samaki mikononi mwa mwanangu.

Kiroboto
Hajatetea kunguru. Na swali la mijusi nililiuliza mwanzo kabisa, bado liko palepale.

Shabani Likoni
Nimempigia mamangu. Asema ni kipanga.