Wakuu, Jumanne nafungwa mashine ya kupima uongo, kazi ya polisi. Nishaurini

Mgeni wa Baridi (Alhamisi, saa 4 usiku)

Heshima kwenu wakuu. Niko Marekani mwaka wa 9 sasa, uraia nimepata mwaka jana, umri miaka 29. Nimeomba kazi ya polisi kwenye mji ninaoishi. Mtihani wa kuandika nimepita, mbio na pushapu nimepita, usaili nimepita. Kimebaki kipimo cha poligrafu, ile mashine ya kupima uongo, Jumanne saa 3 asubuhi.

Shida yangu ni jasho. Hata nikisimamishwa barabarani sina kosa, viganja vinalowa mpaka usukani unateleza. Tangu barua ya kipimo ifike sijalala usiku mzima hata mara moja, mke wangu anadhani naumwa. Je, mashine inaweza kumwangusha mtu mkweli kwa sababu ya woga tu? Na kuna namna ya kutuliza moyo? Waliopita njia hii naombeni mwongozo.

Kipanga77

Hongera kwa kufika hapo mkuu, wengi wanaishia kwenye mbio.

Ondoa hofu. Hiyo mashine haijui uongo ni nini. Inapima pumzi, jasho la vidole, presha na mapigo ya moyo, basi. Aldrich Ames wa CIA alikuwa anawauzia Warusi siri huku anafungwa nyaya, akapita 1986, akapita tena 1991, mpaka wakaja kumkamata 1994. Gary Ridgway, muuaji wa wanawake kule jimbo la Washington, alipimwa 1984 akaonekana msafi. Kama hao walipita, wewe wa jasho la usukani utashindwaje? Lala.

Mwalimu Mstaafu

Kipanga, umemjibu swali ambalo hakuuliza. Yeye hakuuliza kama mwongo anaweza kupita. Ameuliza kama mkweli anaweza kuanguka. Jibu ni ndiyo, na wanaanguka.

Mwaka 2003 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti nzito juu ya mashine hii. Walipiga mfano wa wafanyakazi 10,000 ambao kati yao wapelelezi wa adui ni 10. Ukiitega mashine iwanase 8 kati ya hao 10, itawanasa pia watu karibu 1,600 ambao hawana hatia yoyote. Wakasema wazi kwamba kwa kuchuja watu kazini haitoshi kuaminiwa. Mashine yenyewe ilizaliwa polisi: John Larson, askari wa Berkeley, California, aliiunda 1921 chini ya mkuu wake August Vollmer. Mahakama ya rufaa ya mji mkuu, Washington, ilikataa kipimo cha namna hiyo mapema sana, 1923, katika kesi ya Frye. Miaka mia moja na zaidi imepita na idara za polisi bado wanawafunga vijana nyaya. Mimi jambo hili linaniuma, kwa sababu kijana mzuri anaambiwa "umedanganya" na hana pa kukata rufaa.

Mama Pacha

Mwanangu, mimi nauliza jingine. Mbona mkeo anadhani unaumwa? Ina maana hajui unachohangaika nacho?

Kaka yangu alikuwa polisi miaka 22. Siku aliyostaafu alirudi nyumbani, akakaa sebuleni na viatu vyake vya kazi, kamba hazijafunguliwa, mpaka giza likaingia. Hakuna aliyethubutu kuwasha taa. Kazi ile inamkaa mtu mwilini. Ukiianza kwa kumficha mwenzako, huko mbele utamficha mengi zaidi.

Tumbili Mjanja

Weka kokoto kwenye kiatu mkuu, kila swali unakanyaga, maumivu yaichanganye mashine. Nimesoma mahali.

Baharia Mstaafu

Tumbili acha kumpoteza mwenzio. Viti vya siku hizi vina kipande chini ya makalio kinachosoma hata ukikaza misuli. Kuna aliyekuwa mpimaji wa polisi Oklahoma akageuka kufundisha watu mbinu hizo, 2015 alihukumiwa kifungo cha miaka 2.

Nimefungwa hiyo kitu mara 2, acha nikueleze ilivyo. Chumba kidogo, kiti kinatazama ukuta mtupu, mpimaji yuko pembeni humuoni uso. Mirija miwili inazungushwa, mmoja kifuani na mwingine tumboni. Vidole viwili vinabanwa vibati. Mkononi unavalishwa ule mkanda wa kupimia presha, unajazwa upepo na unaachwa hivyo swali baada ya swali, mpaka vidole vinakuwa rangi ya zambarau na unaanza kuomba maswali yaishe kwa sababu ya mkono, sio kwa sababu ya roho. Maswali yenyewe hayazidi kumi na kitu, na yote unasomewa kabla. Hakuna la kushtukiza.

Sasa sikiliza. Wengi niliowaona wakitemwa hawakutemwa na mistari ya kwenye skrini. Walitemwa na midomo yao, kabla nyaya hazijafungwa au baada ya kufunguliwa. Mpimaji anavuta kiti karibu, anashusha sauti, anasema "kuna swali moja linakusumbua, tulimalize." Hapo ndipo watu wanatapika. Na wakitapika kitu ambacho hakimo kwenye fomu ya historia binafsi, wamekwisha.

Kwa hiyo nakuuliza kama mdogo wangu: kwenye fomu ile, ni swali gani lililokufanya kalamu isite?

Mgeni wa Baridi

Hakuna mkuu. Ni woga tu.

Baharia Mstaafu

Sawa. Mtu mwenye woga tu hulala siku ya tatu. Wewe hulali tangu barua ifike.

Mgeni wa Baridi (Ijumaa, saa 7 usiku)

Basi niseme, maana naona mnanizunguka.

Miaka 6 iliyopita mimi na binamu yangu tulikuwa zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mashine ya kugongea kadi, ile inayohesabu saa zako za kazi, ilikuwa ukutani, nje ya chumba cha kufulia, pana joto na harufu ya sabuni muda wote. Binamu alipata kibarua kingine cha usiku kwenye ghala, akawa anabanwa. Ikawa inagongwa kadi ya kwanza, inalia tii, ya pili, tii, halafu mtu mmoja anafanya kazi ya wawili. Usiku 11 tu. Hakuna mzee aliyelala kwenye shuka chafu. Pesa yenyewe yote ilikwenda kwenye kodi ya nyumba, hakuna aliyestarehe nayo.

Kwenye fomu kuna swali kuhusu saa ambazo hazikufanyiwa kazi, ama kulipwa ama kumsaidia mwingine alipwe. Nimeweka alama HAPANA. Nimeshaongea na binamu, mpelelezi wa idara anayenichunguza akimpigia maneno yetu ni mamoja. Na shangazi anatumia vidonge vya kushusha mapigo ya moyo, kanigawia 2 vya siku hiyo. Msinihukumu. Kitu kidogo cha ujana hakiwezi kufuta ndoto ya mtu. Wangapi wako kwenye magwanda na wamefanya makubwa zaidi?

Kipanga77

Du. Hapo kwenye vidonge siko nawe. Kabla hujafungwa kitu unaulizwa dawa zote ulizomeza. Hapo unaongeza uongo wa pili juu ya wa kwanza. Na dawa ya moyo ya mtu mwingine humezi hivi hivi, utaanguka kweli na sio kwenye kipimo.

Mwalimu Mstaafu

Kijana, kadi 11 ni kosa, lakini idara nyingi zina nafasi ya kulijadili kosa la zamani. Uongo wa mwezi huu ndio hauna nafasi. Nikueleze kwa nini, maana wengi wanadhani ni ukali tu wa polisi. Tangu kesi ya Brady dhidi ya Maryland, 1963, na ya Giglio, 1972, mwendesha mashtaka analazimika kumpa mshtakiwa hata yale yanayoonyesha kwamba shahidi wa serikali haaminiki. Askari aliyewahi kudanganya kikazi, kila akipanda kizimbani wakili anamfungulia jalada lake. Hawezi kutoa ushahidi, na askari asiyeweza kutoa ushahidi hana kazi ya kufanya. Wewe unataka kuingia na jalada hilo limeshaandikwa. Na binamu umemtia humo.

Mgeni wa Baridi

Binamu alikubali mwenyewe. Na nyie mnaongea kama watu waliokwisha fika. Mimi nina mtoto wa miezi 8.

Mchumia Juani

Wakuu nimesoma uzi wote, hii ni chai. Marekani walipiga marufuku waajiri kutumia poligrafu tangu 1988, kuna sheria kabisa. Huyu ametunga, anasubiri tuumizane vichwa. Mods fungeni.

Tumbili Mjanja

Kumbe! Na mimi nimetoa kokoto langu bure.

Mwalimu Mstaafu

Sheria ya 1988 ipo, lakini isome mpaka mwisho. Inawabana waajiri binafsi. Serikali kuu, majimbo na miji imewaacha nje, na polisi wako humo. Tena 2010 Bunge likapitisha sheria ya kuwapima waombaji wote wa kazi za askari wa forodha na mipaka. Kwa hilo, mleta mada hajadanganya.

Yaya wa Usiku

Kwa hilo hajadanganya. Kwa lingine nina shaka.

Nafanya kazi kwenye nyumba za wazee mwaka wa 12. Mleta mada, soma tena ulichoandika. "Ikawa inagongwa kadi." Inagongwa na nani? "Mtu mmoja anafanya kazi ya wawili." Mtu gani? Aliyebaki na wazee wa korido mbili usiku kucha, akiwageuza kila baada ya saa 2 peke yake, hawezi kusimulia hivyo. Angetaja mgongo. Angetaja kengele zinazolia vyumba viwili kwa pamoja na hajui akimbilie kipi. Wewe umekumbuka harufu ya sabuni, kitu anachokumbuka mtu anayepita.

Halafu pesa. Kadi ya binamu inamlipa binamu. Sasa kodi ya nyumba iliyolipwa ni ya nani? Na kama ni binamu aliyekula, mbona ni wewe usiyelala?

Sisemi kwamba hadithi haipo. Nasema umebadilisha majina.

Mama Pacha

Yaya, umeona mbali. Mwanangu, uko hapo?

Kipanga77 (Jumamosi jioni)

Mleta mada hajaingia tangu jana. Jamani tumwache apumue.

Mchumia Juani

Nilisema chai.

Mgeni wa Baridi (Jumatatu, saa 2 usiku)

Nipo. Yaya, sijui hata nikuambie nini.

Aliyekuwa ghalani ni mimi. Aliyegonga kadi 2 ni binamu, na wazee aliwageuza yeye. Usiku 11, saa 8, dola 12 kwa saa: dola 1,056 kabla ya makato, zikaingia kwenye akaunti yangu, nikalipa kodi yangu. Kwa miaka 6 nimekuwa nikijisimulia kinyume, nikawa karibu kuamini. Mpaka jana, nilipompigia kumwambia asiseme tena yale maneno tuliyopanga, akakaa kimya, halafu akasema, "Mgongo wangu haujakaa sawa tangu mwaka ule, kaka." Sikuwahi kumuuliza.

Leo asubuhi nimempigia mpelelezi, nimemweleza yote, na ya binamu kuambiwa cha kusema pia. Alikuwa anaandika, nilisikia kalamu. Akasema niandike kwa mkono wangu, nisaini, nifike Jumanne nusu saa mapema na karatasi. Nikamuuliza kama nina nafasi bado. Akasema, "Njoo na karatasi."

Vidonge nimemrudishia shangazi.

Baharia Mstaafu

Mkanda ukibana, usikunje ngumi. Acha kiganja wazi. Nakuombea.

Mama Pacha

Na mkeo?

Mgeni wa Baridi

Yuko hapa mezani, anasoma nilichoandika. Ukurasa wa pili amenirudishia. Kaweka duara kwenye neno "tulichukua", anasema niandike upya.