Sahani za chupa zinapasuka zikishatoka tanurini, naombeni ushauri

Mfinyanzi_Dar: Wakuu, habari za saa hizi. Nayeyusha chupa tupu za soda na bia kwenye tanuri la umeme nipate sahani. Napandisha hadi nyuzi 800, kioo kinalala vizuri kwenye kalibu ya udongo, nazima, nafungua asubuhi. Sahani inatoka nzima, halafu ikikaa mezani siku moja mbili inapasuka "ta!" bila kuguswa. Nyingine zinang'ang'ania kalibu. Wateja wanaipenda hii kazi, ila siwezi kumuuzia mtu kitu kitakachompasukia mkononi.

FundiTanuri: Mkuu, shida iko kwenye kupoa. Kioo cha chupa hukakamaa kikishuka kati ya nyuzi 550 na 500. Juu kukipoa kabla ya ndani, mvutano unabaki humo humo, na ndio unaokuja kuipasua kesho yake. Ukifika 540 shikilia saa nzima, kisha shusha nyuzi 50 hivi kwa saa mpaka upite 400, ndipo uzime. Sahani ikiwa nene mara mbili, mpe muda mara nne. Na mlango usiuguse, hata kuchungulia.

Kigae: Ufa unapita wapi? Chupa za viwanda tofauti hazisinyai kwa kiasi kimoja, hata zikifanana kwa macho. Sahani moja, chupa za aina moja.

Mfinyanzi_Dar: Za rangi moja zinapasuka pia, ila zenye kijani na nyeupe ndizo zinaongoza, na ufa unafuata mpaka wa rangi kweli.

MamaVyungu: Hapo Kigae kamaliza. Kuhusu kunasa, tafuta kaolini, ule udongo mweupe laini, Pugu ipo. Ikoroge na maji iwe nyepesi kama maziwa, paka kalibu mara kadhaa, ikauke kabisa. Wakrobo wa Ghana hupaka hivyo hivyo kalibu zao za shanga, wanajaza unga wa chupa na kusimamisha kikonyo cha jani la muhogo katikati. Motoni kikonyo kinaungua, tundu linabaki. Ukijaribu shanga, vaa barakoa unapoponda chupa, mwanangu. Vumbi lile ni baya kwa mapafu.

FundiTanuri: Kipimajoto kimekaa wapi? Kikiwa mbali na sahani, namba zote hizo hazitakusaidia.

Mfinyanzi_Dar: Kiko juu kabisa, karibu na dari. Nakishusha leo, nachoma za kijani tupu, nashikilia 540. Asanteni sana, nitaleta picha humu.