Farasi amebaki mifupa, naomba ushauri

Jambo wandugu. Niko Lubumbashi, upande wa barabara ya Kipushi. Wiki jana nimechukua farasi jike aliyetelekezwa kiwanjani. Mbavu unazihesabu ukiwa mlangoni, kwato zimerefuka na kupinda kama kandambili zilizochakaa.

Jirani, mfuga nguruwe, kaniletea ndoo nzima ya mahindi. Moyo mzuri, lakini nimekataa: aliyekaa na njaa muda mrefu akijazwa nafaka ghafla, madini ya damuni yanashuka, moyo unaweza kusimama. Nampa majani makavu kidogo kidogo, mara 6 kwa siku, hata usiku naamka.

Shida ni kiangazi, majani yamekuwa kama ufagio. Ya karanga yaliyokaushwa yanafaa? Dawa ya minyoo nimpe sasa au apate nguvu kwanza? Na fundi wa kwato, nimtoe wapi?