Tupeane uzoefu: majina ya sosi na viungo vya mezani kwa Kifaransa mliyashikaje?

Wakuu habari zenu, naanza Kifaransa, nyama na mboga zinaingia vizuri tu ila nikifika kwenye sosi kichwa kinagoma. Waliopita huku mlifanyaje? Orodha za kukariri ninazo tayari.

mpishi_pwani: Mi nimejifunzia jikoni hotelini, shefu Mfaransa na hakuna wa kukutafsiria. Anza na vinaigrette mkuu, yaani sosi ya saladi, siki ni vinaigre kijiko kimoja, mafuta huile vitatu, moutarde yaani haradali kidogo ili vishikane, sel yaani chumvi, na poivre yaani pilipili manga. Ukiipiga kila asubuhi wiki moja hayo maneno hayatoki tena.

wa_Brussels: Nenda kibanda cha chipsi Ubelgiji utanyooka 😂 muuzaji anauliza "quelle sauce?" yaani sosi gani, na foleni iko nyuma yako. Andalouse ni mayonezi yenye nyanya na hoho, samouraï ndo ya pilipili, wapenda ukali tunaanzia hapo.

mtoto_wa_Bukavu: Angalia pilipili ndugu yangu. Poivre ni manga, poivron ni hoho, piment ndo ile yenyewe ya kuwasha. Ila ukija kwetu Congo, hata kwenye Kifaransa tunasema pili-pili tu na kila mtu anaelewa.

dada_Lyon: Mi haradali niliijua mwaka 2022 ilipoadimika Ufaransa nzima, mbegu nyingi zinatoka Kanada na ukame wa 2021 ulikuwa umeua mavuno huko, basi rafu tupu na kila taarifa ya habari ni pénurie de moutarde, pénurie de moutarde, nikashika na neno la uhaba bure. Halafu wakisema mtu "la moutarde lui monte au nez" ujue hasira zinampanda, kaa mbali.

mwanzisha mada: Asanteni sana, sasa le na la, yaani jina lipi la kiume na lipi la kike, je? Hapo ndo nalia.

dada_Lyon: Sauce, moutarde, mayonnaise, vinaigrette zote la. Vinaigre, sel, poivre, ketchup ni le. Huile ni ya kike ila kwa ile h yake isiyotamkwa utasema l'huile. Ukiagiza sema "avec de la moutarde", na usichotaka ni "sans mayonnaise", ukishasema sans hiyo la unaiacha.