Mitiki ya miaka 6 haijapunguzwa, na miombo iko pembeni: nianzie wapi?

Shamba_Kilombero: Habari zenu wadau. Nina ekari 20. Ekari 8 ni mitiki, nafasi mita 2.5 kwa 2.5, haijawahi kupunguzwa. Kwingine kote ni miombo ya asili: myombo, mninga, mkongo kidogo, na visiki vingi vya wachoma mkaa wa zamani. Mitiki inarefuka tu, hainenepi. Kuna anayenishauri nifyeke miombo yote nipande mitiki. Mnasemaje?

Msumeno: Mitiki kwanza, maana umeshachelewa. Kupunguza kwa mara ya kwanza hufanywa miti ikifika mita 8 au 9, matawi yanapoanza kugusana. Pima kipande cha mita 10 kwa 10: humo mna miti kama 16, ibaki 8. Weka alama ya rangi kwenye inayobaki, si inayokatwa, na uifanye kazi hiyo kabla majani hayajapukutika ili uone vichwa vyenyewe. Ondoa iliyopinda, yenye panda na iliyofunikwa na wenzake. Usikubali mnunuzi ajichagulie, atachukua minene akuachie fito.

Angalizo: kama majani mabichi yamebaki chini ya theluthi moja ya urefu wa mti, usitoe nusu yote kwa mkupuo. Shina jembamba lililozoea kuegemea wenzake hulazwa na upepo. Toa robo, subiri mwaka mmoja au miwili, kisha malizia. Utakachovuna sasa kina kiini (mti mgumu wa ndani) kidogo mno, mchwa hukila upesi; kiuze kama fito na nguzo za muda, wala usihesabu mbao.

Bi Miombo: Kufyeka miombo? Hapana kaka. Mtiki hautaki maji yaliyotuama wala udongo wenye tindikali, na sehemu nyingi za miombo zina udongo wa namna hiyo. Isitoshe, mninga, mkongo na mpingo hazikatwi bila leseni hata zikiwa shambani kwako. Muone afisa misitu wa wilaya kabla ya kugusa panga, na uulizie hati ya kusafirishia mazao.

Hivyo visiki ndivyo mtaji wako. Kisiki kimoja hutoa machipukizi kumi na zaidi. Yakipita kimo cha mtu, bakiza mawili au matatu yaliyonyooka, yaliyotokea karibu na ardhi. Lile la juu ya kisiki hubanduka likishanenepa. Mche wa mninga ukiona umekauka juu usiung'oe: miaka ya mwanzo shina hufa kila kiangazi huku mzizi ukijijenga chini.

Adui mkubwa ni moto wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa kavu kabisa. Fyeka mkuza, yaani ukanda wa kuzuia moto, wa mita 5 hadi 10 kuzunguka shamba mvua zikiisha. Ukichoma mapema, Juni, nyasi zikiwa bado na ubichi, choma jioni na kwa kibali cha kijiji. Ndani ya mitiki usichome kabisa: gamba la chini likiungua, uozo huingia kwenye gogo la kwanza, lenye bei kuliko yote, na mvua husomba udongo uliobaki wazi.

Shamba_Kilombero: Asanteni sana. Visiki vya mitiki nitakayotoa vikichipua je?

Msumeno: Vitachipua tu. Pita na panga mara mbili msimu wa mvua. Kivuli kikirudi vitadhoofika. Matawi uliyokata yasogeze mbali na mashina yaliyobaki, yakishika moto yataunguza gamba.